Kabla Hujabonyeza "Thibitisha"

Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka, mpwa wangu alikuwa bado kambini Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), kipara kinang'aa, simu imekabidhiwa kwa afande. Sisi wa nyumbani tuliyaona kabla yake. Alisoma HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), akapata divisheni wani, na tangu yuko kidato cha pili wimbo wake ni mmoja: sheria. Wiki chache baadaye alikuwa sebuleni kwangu na jumbe mbili za pongezi kwa kuchaguliwa. Chuo kimoja cha serikali, kingine binafsi, chenye majengo ya vioo na brosha nzito kama ya hoteli ya Zanzibar. "Mjomba, nithibitishe kipi?" Baba yake, shemeji yangu, hakusema kitu. Alikuwa anapiga hesabu nyuma ya bahasha.

Haya ndiyo tuliyoongea jioni ile, nimeyapanga kidogo.

1. Anza na TCU, brosha baadaye.

Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) hutoa mwongozo wa udahili kila mwaka, bure, mtandaoni. Tafuta jina la chuo, kisha tafuta jina la kozi yenyewe. Ni vitu viwili tofauti. Mwaka 2017 Tume ilivizuia vyuo 19 kupokea wanafunzi wapya, na katika vyuo vingine 22 ikazuia kozi 75 huku chuo chenyewe kikiendelea kama kawaida. Mtu angeweza kusoma geti limeandikwa "Chuo Kikuu", akalipa ada, kumbe kozi yake ndiyo imefungwa.

Na usidhani serikalini ndiko kwenye usalama wote. Mei 2016, zaidi ya wanafunzi 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu walirudishwa nyumbani kutoka Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), na hicho ni chuo cha umma. Wengine walilala stendi na masanduku yao.

2. Ghali si lazima kiwe ndicho chenye jina.

Kwa jirani zetu Nairobi, Strathmore na USIU ni vyuo binafsi, na ukivitaja watu wanakaa sawa kwenye viti. Kwetu mambo yalianza kinyume. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tunachokiita Mlimani, kilianza Oktoba 1961 kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, na wanafunzi wa sheria ambao hata ishirini hawakufika. Vyuo vikuu binafsi vilikuja miaka ya tisini. Kwa hiyo majaji, mawakili na mawaziri wengi wa rika la wazee wetu wamepita njia moja, na hadi leo ukisema "nipo Mlimani" hakuna anayeuliza Mlimani gani.

Ila jina lina kozi zake. Ukitaka udaktari, Bugando na KCMC ni vyuo vya makanisa na hakuna mwenye akili timamu anayevidharau, maana mwanafunzi anasomea ndani ya hospitali kubwa ya rufaa. Uliza jina la chuo kwenye kozi yako. Sifa za kozi ya jirani hazitakusaidia.

3. Hesabu miaka yote.

Hapa shemeji alikuwa mbele yetu. Kwenye bahasha aliandika ada, kisha akachora mstari na kuanza kushusha: usajili, kitambulisho, serikali ya wanafunzi, bima ya afya 50,400, ya TCU 20,000, fildi, nauli ya Mwanza mara nne kwa mwaka. Chini kabisa aliandika "geto", yaani chumba cha kupanga, na kuweka alama ya kuuliza.

Shahada ya sanaa au sheria chuo cha serikali huzunguka milioni moja na kitu kwa mwaka. Binafsi inategemea: vingine vinakaribia hapohapo, vingine vinapaa. Udaktari ndio usiseme, tofauti inaweza kuwa mara tatu. Halafu angalia urefu wa kozi. Sheria kuna mahali ni miaka mitatu, kuna mahali ni minne. Mwaka mmoja wa ziada wa kula, kulala na kupanda daladala unaweza kuimeza nafuu yote ya ada.

4. Mkopo unafika kote, lakini haujai kote.

Kuna wazazi bado wanaamini Bodi ya Mikopo ni ya vyuo vya serikali. Si kweli. Bodi hiyo, iliyoanza kazi 2005, inawakopesha wa vyuo binafsi pia, alimradi chuo na kozi vinatambuliwa na mwombaji ni mhitaji. Kitu cha kutazama ni asilimia. Mtoto akipangiwa sehemu tu ya ada, pengo la kwenye ada ya milioni moja linazibika kwa kuuza mbuzi wawili watatu. Pengo la kwenye ada ya milioni nne linataka ng'ombe, na kila mwaka.

Bumu, yaani fedha ya kujikimu, kwa sasa ni shilingi 10,000 kwa siku, popote ulipo. Linachelewa kwa wote vilevile. Na siku ukipata kazi utakatwa asilimia 15 ya mshahara hadi deni liishe. Angalau ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani iliondolewa 2021. Waliokopa zamani wanajua ilivyokuwa: unalipa mwaka mzima, deni limekaa palepale linakutazama.

5. Nani atasimama mbele yako?

Kidokezo hiki ningekiweka cha kwanza, ila watu hawasomi cha kwanza kwa makini. Nenda chuoni siku ya kazi, siku ambayo hakuna sherehe. Chungulia ukumbi wa mwaka wa kwanza. Chuo kikubwa cha umma unaweza kukuta mamia darasani, wengine wamesimama dirishani, mhadhiri ni sauti ya spika tu. Kwenye semina hajui jina lako, na karatasi yako inasahihishwa na msaidizi. Chuo binafsi kizuri kinakupa watu arobaini na mwalimu anayekuuliza mbona jana hukuonekana. Hicho ndicho hasa ada kubwa inaweza kununua. Majengo ya vioo hayafundishi mtu.

Lakini sema "kizuri" kwa sauti. Kuna vyuo ambavyo nusu ya wahadhiri ni wa kuazima: asubuhi wako kwa mwajiri wao wa serikali, jioni wanakimbilia huku, vipindi vinafutwa kwa ujumbe wa WhatsApp. Waulize wanafunzi wa mwaka wa pili swali moja tu: wiki iliyopita vipindi vingapi havikufanyika? Pale kwenye brosha nzito, mpwa wangu aliwauliza mabinti watatu waliokuwa wanakula chipsi nje ya geti. Wakatazamana, wakacheka, mmoja akasema, "Tuanze kuhesabu Jumatatu?"

Ingia maktaba pia. Saa tano asubuhi, kama haina mtu, kuna jambo.

6. Tazama mlango wa mwisho.

Kozi nyingi za taaluma zina mlango mmoja ambao wote mnapitia, mtoto wa tajiri na wa mkulima. Wahasibu wana mitihani ya bodi yao, NBAA. Wa sheria, ukitaka uwakili, shahada haitoshi; lazima upite Shule ya Sheria kwa Vitendo. Mwaka 2022 nchi nzima ilishtuka: kati ya watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Waziri akaunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe ichunguze. Hakuna aliyeulizwa pale mlangoni brosha ya chuo chake ilikuwa na kurasa ngapi.

Shule hiyo nayo ina ada yake. Nilimwambia shemeji: kama unazo fedha za ziada, zifiche kwa ajili ya mwaka ule.

Ukiomba kazi serikalini, Utumishi nako ni vilevile. Usaili wa maandishi, namba kifuani, ukumbi umejaa wa vyuo vyote.

7. Utalala wapi?

Mlimani kuna hosteli za Magufuli, zilizofunguliwa 2017 kwa ajili ya wanafunzi 3,840, na bado kubebana kupo, kitanda kimoja watu wawili. UDOM vitanda ni vingi. Ukikosa Mlimani, ni geto Sinza au Changanyikeni, na mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mpigo. Binti peke yake kwenye geto la mwaka wa kwanza, mimi sipendi. Uzee, pengine.

8. Majirani.

Hawalipi ada. Tuendelee.

9. Thibitisha mapema, thibitisha kimoja.

Aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja hutumiwa namba ya siri kwa ujumbe wa simu, anaiingiza kwenye akaunti ya chuo anachokitaka, basi. Asiyethibitisha ndani ya muda anaweza kukosa nafasi kwenye vyuo vyote. Usingoje siku ya mwisho usiku. Siku hiyo nchi nzima ipo kwenye mtandao mmoja. Na laini uliyojazia fomu isiwe ile uliyomwachia binamu kijijini. Ya mpwa wangu ilikuwa kwa bibi yake Kasulu, na bibi hasomi bila miwani, na miwani ilikuwa kwa fundi.

Namba tuliipata saa tatu usiku, bibi akisomewa na mtoto wa jirani, tarakimu moja moja. Mpwa wangu akaingia kwenye akaunti ya chuo cha serikali, akaandika, akamtazama baba yake, akabonyeza. Shemeji akachukua bahasha yake mezani, akaigeuza upande wa pili uliokuwa bado mweupe, akaandika juu: "Shule ya Sheria."