Mwani, Chumvi za Metali na Utando wa Kufungashia

Tarehe 1 Juni, 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini Tanzania. Tangu hapo swali la vifungashio mbadala limefika kila soko, pamoja na Liuli, ambako usipa wa Ziwa Nyasa huanikwa na kuuzwa. Jibu mojawapo linalochunguzwa na wanasayansi ni utando utokanao na mwani mwekundu. Mwani huo hauoti Liuli, kwani ni mmea wa maji ya chumvi. Zanzibar umelimwa kibiashara tangu 1989.

Mwani huchemshwa, rojo lake huchujwa, kisha humwagwa juu ya bamba na kukaushwa. Kinachobaki ni utando wa karajinani. Molekuli zake ni minyororo mirefu ya sukari yenye salfeti, nayo hubeba chaji hasi. Kwa sababu hiyo minyororo husukumana, mpaka ioni za metali, zenye chaji chanya, ziipatanishe.

Hata hivyo, chaji peke yake haitoshi. Sodiamu na potasiamu kila moja ina chaji moja. Lakini karajinani ya kapa, itokayo katika mwani uitwao kotonii, ikiondolewa chumvi zake za asili na kutiwa sodiamu, hubaki rojo. Ikitiwa potasiamu, huganda ikawa jeli ngumu inayovunjika upesi. Ioni ya sodiamu hushikilia kwa nguvu maji yanayoizunguka. Ile ya potasiamu huyaachia kwa urahisi, ikaikaribia minyororo na kuifanya ishikamane.

Karajinani ya aiota, itokayo katika spinosamu, ina salfeti nyingi zaidi. Hiyo hupatana na kalisi, yenye chaji mbili, nayo hutoa jeli laini inayonyumbuka.

Tofauti hizi zina uzito kwa mkulima. Kadiri bahari ilivyopata joto, kotonii, yenye bei kubwa zaidi, imekuwa ikifa katika mashamba mengi ya Zanzibar, na wakulima, walio wengi wanawake, wakabaki na spinosamu. Basi atakaye kutengeneza utando kwa mwani uliopo hana budi kuanza na kalisi. Aidha akumbuke kwamba utando wa karajinani hupenda maji: unaofaa kwa usipa mkavu wakati wa kiangazi waweza kulegea wakati wa masika.

Maswali
1. Kwa nini chumvi ya mezani haigandishi karajinani ya kapa?
2. Gliserini hulainisha utando, lakini huvuta unyevu. Je, yafaa kutiwa katika utando wa kufungia usipa? Toa sababu.