Masala ya Mke, Mtoto na Vyombo Ndani ya Eda

Masala: Mtu wa Kilwa Kivinje amemwacha mkewe talaka rejea, akamtoa nyumbani, akamshika mtoto wa miaka 3 na vyombo vyote. Je, yafaa?

Jawabu: Haifai. Suratu Ttalaq yakataza kumtoa mke edani, ila kwa ovu la wazi. Na chakula chake ni juu ya mume. Mtoto hukaa kwa mama, maadamu hakuolewa na mwingine, hata apambanue, yapata miaka 7, kisha huhiyarishwa. Matumizi yake ni juu ya baba. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo huelekea kwa mama chini ya miaka 7. Kitanda na sufuria zisizo na ushahidi, kwa Imamu Shafii, wote wawili huapa, zikagawanywa nusu kwa nusu. Basi asitangulize mtu mkono mbele ya hukumu. Anyang'anyaye leo huulizwa kesho.