Habari za Semei Kakungulu, Mjenzi wa Mji wa Mbale

Wasomaji wetu, pengine mtastaajabu kusikia ya kuwa Afrika ya Mashariki ilipata mtawala Mwafrika aliyejenga mji, kisha akaishika dini ya Wayahudi kwa kusoma Biblia nyumbani mwake, kabla hajafundishwa na Myahudi hata mmoja. Mtu huyo ni Semei Kakungulu, na mji wake ni Mbale, ulio chini ya mlima Elgon, upande wa mashariki wa Uganda. Tunaeleza habari zake kwa sababu ndani yake mna mambo mawili ambayo kila mwenye cheo hukutana nayo, yaani ahadi ya mkubwa wake na amri ya dhamiri yake mwenyewe.

Asili yake ilikuwa nchi ya Koki, naye alizaliwa yapata mwaka 1869. Alipokuwa kijana aliingia katika utumishi wa Kabaka Mwanga wa Buganda, akawa mwindaji wa tembo, akabatizwa katika dini ya Kiprotestanti. Vita vya dini vilipozuka Buganda tangu mwaka 1888, Kakungulu alionekana kuwa jemadari hodari kupita wengi. Lakini katika baraza la Mengo alikuwapo Katikiro Apolo Kagwa, mtu mwenye nguvu sana, na fahali wawili hawakai zizi moja. Kakungulu akaona afadhali atafute nchi yake mwenyewe mbali na Mengo.

Mwezi wa Aprili mwaka 1899 alikuwamo katika jeshi lililowakamata Kabaka Mwanga na Kabalega mfalme wa Bunyoro. Kwa kazi hiyo sifa zake zilienea, naye akavuka kwenda mashariki pamoja na Waganda wake, akaishika nchi iliyoitwa Bukedi. Akajenga boma Budaka, akapima barabara, akapanda migomba, akaigawa nchi kwa desturi ya Buganda, kila sehemu na mkubwa wake.

Hapa yatupasa kusema kweli, maana wasifu wengi humsifu mtu bila kuuliza wale waliotawaliwa walionaje. Watu wa Bukedi hawakumwita. Askari wake walikuja na bunduki, wakatwaa ng'ombe, na wenyeji wakafanyizwa kazi za barabara. Sisi tulio pwani ya Ziwa Nyasa hatuna haja ya kuelezwa sana jambo hili. Jiwe la Pomonda bado limesimama Liuli, na wazee walisimulia jinsi watu walivyojificha ndani yake wakiwakimbia Wangoni. Mgisu wa mwaka 1900 aliyepanda mlimani na mbuzi wake usiku angefahamiana upesi na babu zetu.

Basi Kakungulu alidhani ya kuwa Sir Harry Johnston, mjumbe mkuu wa Waingereza, amemwahidi kuwa Kabaka wa Bukedi. Waingereza kwa upande wao hawakukiri kwamba walimpa ufalme. Kwao alikuwa mtumishi wa Serikali tu. Pengine kila mmoja alisikia alilotaka kusikia. Mwaka 1902 aliondolewa Budaka, akapewa ardhi ya kukaa yeye na watu wake karibu na mlima. Mtu mwingine angekaa akinung'unika. Yeye akaanza tena kufyeka na kujenga, na mahali pale, palipokuwa nyika, pakawa mji wa Mbale wenye barabara, mashamba na soko.

Mwaka 1906 Serikali ikampeleka Busoga kuwa mkuu wa baraza la machifu wa huko. Mapema mwaka ule ule, kule Songea, Wadachi waliwanyonga wakubwa wa Wangoni kwa sababu ya vita vya Maji Maji. Mara nyingi tumeyafikiri mambo haya mawili pamoja. Wale walipigana na wageni wakapoteza nchi na roho zao. Huyu aliwatumikia wageni, na ufalme pia hakuupata. Mwaka 1913 kazi ya Busoga ikakoma, akarudi Mbale akiwa na uchungu moyoni.

Tangu hapo akaigeukia Biblia, ambayo yote ilikuwa imekwisha kupigwa chapa kwa Kiganda tangu mwaka 1896. Kwanza alijiunga na Wamalaki, watu wa dini mpya ya Buganda waliokataa dawa wakisema Mungu peke yake ndiye mponyaji. Kwa ajili hiyo akagombana na Serikali juu ya chanjo. Katika neno hili hatuwezi kumfuata. Sisi tulioona wagonjwa wakibebwa kwa mitumbwi hadi hospitali ya Misheni ya Liuli, kisha wakarudi kwao kwa miguu yao, hatuoni kwamba dawa ni uadui na Mungu.

Lakini hakusoma nusu nusu. Alipofika katika amri ya tohara aliyopewa Ibrahimu, aliona haikufutwa. Wamalaki wakamwambia ya kuwa hiyo ni desturi ya Wayahudi. Naye akajibu kwamba kama ndivyo, basi yeye ni Myahudi. Mwaka 1919 akatahiriwa, akiwa mtu mzima wa miaka hamsini, na wanawe pia, akajitenga na Wamalaki. Mwaka uliofuata alifika Mbale Myahudi mmoja aliyeitwa Yosefu, akawafundisha sikukuu, hesabu ya miezi, na vyakula vilivyo halali. Mwaka 1922 Kakungulu akatoa kitabu cha sala na kanuni kwa Kiganda. Watu wake wakaitwa Abayudaya, yaani Wayahudi.

Alifariki mwezi wa Novemba mwaka 1928, akazikwa Gangama, karibu na mji alioujenga. Wengine walidhani dini yake itazikwa pamoja naye. Haikuzikwa, ila ilipungua sana. Katika utawala wa Idi Amin, tangu mwaka 1971 hadi 1979, ibada yao ilikatazwa, wakasali kwa siri, wengi wakaingia dini nyingine, wakabaki watu mia chache. Mwaka 2002 marabi kutoka nje walikuja wakawapokea mamia yao rasmi katika dini ya Kiyahudi. Mmoja wao, Gershom Sizomu, alisoma Marekani akawekwa kuwa rabi mwaka 2008; na mwaka 2016 alichaguliwa kwa kura kuwa mbunge wa Bungokho Kaskazini, kando ya Mbale. Mbale nao ulipewa cheo cha jiji mwaka 2020.