Mafunzo Matano Niliyopata kwa Kantangaze

Nalima nyanya pembezoni mwa Tunduma. Anayenisumbua kuliko wote ni nondo mdogo wa kijivu ambaye wakulima wengi tunamwita kantangaze, na wataalamu humwita Tuta absoluta. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Alifika Hispania mwaka 2006, akaonekana Tanzania mwaka 2014, na mwaka 2016 akathibitishwa kwa jirani zetu wa Zambia. Nimejifunza kwamba huyu hashindwi kwa hasira. Hushindwa na anayeyajua maisha yake.

1. Anaharibu akiwa kiwavi

Jike mmoja anaweza kutaga mayai hadi 260, madogo mno, mengi chini ya jani. Kiwavi akianguliwa huchimba ndani na kula nyama ya jani, akibakiza ngozi tupu. Ndipo shamba huonekana kama limepitiwa na moto. Tunda hulitoboa, mara nyingi karibu na kikonyo. Akikomaa, aghalabu hushuka udongoni, akawa pupa, kisha nondo.

2. Joto ndilo kalenda yake

Kwenye nyuzijoto 14, safari ya yai hadi nondo huchukua siku 76 hivi. Kwenye nyuzijoto 27 ni siku 24 tu. Baridi ya Juni na Julai huku juu humchelewesha, ila wenzetu wa Kamsamba, kule bondeni kwenye joto, huandamwa na kizazi juu ya kizazi. Ratiba ya kupuliza dawa ya kule haifai shambani kwangu.

3. Wakati hushinda ukali wa sumu

Kiwavi akishajificha ndani ya jani au tunda, sumu nyingi hazimpati. Pupa naye amefunikwa na udongo. Wa kuwahi ni kiwavi aliyetoka yaini sasa hivi. Kwa hiyo naweka beseni la maji ya sabuni, na juu yake naning'iniza chambo chenye harufu ya jike. Madume huifuata na kuzama. Nikiona wameongezeka, nageuza majani kutafuta mayai na michirizi, ndipo naamua kupuliza. Nabadilisha sumu pia, maana akiizoea moja haimuui tena. Soma kiambata amilifu kwenye kibandiko: chupa mbili zenye majina tofauti zaweza kuwa na sumu ileile.

4. Mabaki humlea

Nyanya zilizotobolewa nazikusanya, nazifunga kwenye mfuko wa plastiki na kuziacha juani mpaka viwavi wafe. Baada ya mavuno nang'oa mashina yote, kisha napanda mahindi. Mnafu, bilinganya na viazi mviringo havifai kufuata nyanya, kwa kuwa navyo humlisha.

5. Tenga humsafirisha

Mji wetu ni wa mpakani. Matenga huzunguka mashambani, sokoni na ng'ambo, Nakonde ya Zambia, na pupa huweza kujibanza humo. Tenga lililotoka sokoni nalisugua na kulianika kabla halijaingia shambani. Miche ya kununua naikagua jani kwa jani.

Nondo huyu huruka, hajui mpaka wa shamba langu na la jirani. Ndugu wakulima, tukubaliane wiki moja ya kung'oa mashina baada ya mavuno, sote kwa pamoja, ili kizazi kinachofuata kikose chakula.