Tungoje Ahadi za Mungu kwa Saburi

Masomo: Mwanzo 15:1–6, Waebrania 11:8–16, Yakobo 5:7–8



Mkulima wa Meru apandaye mche wa kahawa hachumi mwaka ule ule. Hungoja miaka mitatu, hata minne, ndipo aone buni za kwanza. Katika miaka hiyo hupalilia, hutia samadi, na kuutilia mche kivuli cha migomba. Kama asingeamini kwamba utazaa, asingejitaabisha. Mtume Yakobo alimtazama mkulima wa namna hii alipofundisha habari za saburi. Basi nasi tujifunze maana ya kuingojea ahadi ya Mungu.

1. Tujue kwanza Mungu ameahidi nini.

Wengi huchoka kungoja kwa sababu wanangojea neno ambalo Mungu hakulisema. Hakuahidi kwamba shamba la Mkristo halitakauka, wala kwamba kila mgonjwa tumwombeaye atainuka kitandani, wala kwamba kila shauri letu litatimia siku tuliyoiweka sisi. Aliahidi kuwasamehe watubuo (1 Yohana 1:9), kuwa pamoja nasi siku zote (Mathayo 28:20), na kuwafufua wamwaminio (Yohana 6:40). Twaweza kumwomba kila kitu, kwani yeye ni Baba. Lakini tukiyaita matakwa yetu ahadi zake, siku yasipotimia tutamdhania kuwa mwongo, naye hakutudanganya.

2. Ibrahimu alingoja, tena alijikwaa.

Alitoka Harani akiwa na umri wa miaka 75, na Isaka alizaliwa baba yake alipokuwa na miaka 100. Hiyo ni miaka 25. Katikati ya kungoja alitafuta njia ya mkato kwa Hajiri, nayo ikaleta magomvi na machozi nyumbani mwake (Mwanzo 16). Wala Mungu hakumtupa kwa kosa hilo. Tena tuangalie: aliahidiwa nchi nzima, lakini twasoma kwamba alinunua shamba moja tu, la Makpela, apate kumzika mkewe (Mwanzo 23). Alikufa akiwa na kaburi na ahadi. Ndiyo maana Waebrania wasema juu ya watu waliokufa katika imani, wakiziona ahadi kwa mbali.

3. Habari ya Akeri.

Mfano kama huo tunao karibu, chini ya Mlima Meru. Mwezi wa Oktoba 1896, Ewald Ovir na Karl Segebrock, wamisionari wa Leipzig, walitoka Kilimanjaro wakapiga kambi Akeri, wakitaka kuanza kazi kwa Wameru. Afisa mmoja wa Kijerumani alikuwa na askari wake mahali pasipo mbali. Yaelekea wenyeji hawakuona tofauti kati ya mgeni wa Injili na mgeni wa bunduki. Usiku wa kuamkia tarehe 20 mashujaa wa Arusha na Meru waliwashambulia, na wote wawili waliuawa, pamoja na baadhi ya Wachaga waliofuatana nao.

Baadaye serikali ya Kijerumani ililipiza kisasi. Watu wengi waliuawa, ng'ombe wakatwaliwa, migomba ikakatwa. Tusiifiche habari hii, wala tusiseme kwamba ahadi ya Mungu ilitimizwa kwa moto ule. Kulipiza kisasi hakukuwa kungoja, kulizidisha majonzi.

Ilipita miaka sita. Mwaka 1902 kazi ilianzwa tena, Nkoaranga, na mwaka 1904 Ilboru, kwa Waarusha. Wale wawili wa Akeri hawakufundisha darasa hata moja katika Meru, wala hawakumwona Mmeru akibatizwa. Vita kuu ya kwanza ilipokwisha, wamisionari Wajerumani waliondolewa nchini mwaka 1920. Hapo waalimu wenyeji ndio walioendelea kufundisha na kuwakusanya watu kwa sala, wasijue ni lini atakuja wa kuwasaidia. Leo ziko dayosisi mbili kando ya mlima ule, ya Meru na ya Kaskazini Kati, na huko Makumira, jirani na Akeri, wachungaji wamefundishwa tangu mwaka 1954. Aliyepanda siye aliyevuna, lakini shamba ni la Bwana mmoja.

4. Kungoja si kulala.

Waalimu wa 1920 hawakufunga darasa kwa kuwa hawakupata barua. Kwa hiyo tujihadhari na saburi ya uongo. Mtu akimwambia mwenye njaa, “Mngojee Mungu,” naye ana mahindi ghalani, huyo hafundishi saburi. Anaficha uchoyo wake kwa jina la Mungu. Wala machozi si dhambi. Mtunga zaburi alimlilia Mungu akamwuliza atasahauliwa hata lini (Zaburi 13), naye hakukemewa. Angojaye aweza kulia, na huku jembe li mkononi mwake.

Basi, ndugu, ikiwa leo unaona kaburi na ahadi tu, hujaachwa. Ibrahimu alisimama mahali hapo. Kristo mwenyewe alilazwa kaburini, na siku ya tatu Mungu alilitimiza neno lake. Tushike sana neno hilo, tukaifanye kazi ya leo.

Maswali ya kuzungumza katika darasa:

1. Ni jambo gani ulingojealo sasa? Je, Mungu ameliahidi, au ni ombi lako?
2. Ibrahimu alitafuta njia ya mkato. Njia zetu za mkato ni zipi, na zimemwumiza nani?
3. Ni nani katika usharika wetu anayechoka kungoja, nasi twaweza kumsaidia kwa kazi gani juma hili?