Dondoo muhimu: Mvulana mdogo wa umbo anayetamani kurefuka

Mvulana wa miaka 11 anayesimama mbele kabisa mstarini shuleni huuliza kila mara: nitarefuka lini? Mzazi asimpe ahadi, ampe vipimo. Mtoto avue viatu, visigino na mabega viguse ukuta, kitabu kigumu kilazwe utosini, kisha alama ichorwe kwa penseli pamoja na tarehe. Mara moja kila miezi 6 inatosha. Kumpima kila siku ni kumtesa bure.

Kabla ya kubalehe, mtoto huongezeka takribani sentimita 5 kwa mwaka. Wavulana wengi hushika kasi kati ya miaka 12 na 15. Wengine huchelewa, hasa kama baba naye alichelewa; bibi huwa anakumbuka.

Asipofikisha sentimita 4 kwa mwaka, apelekwe kwa daktari. Mwanasoka Lionel Messi aligunduliwa kuwa na upungufu wa homoni ya ukuaji akiwa bado mtoto, akatibiwa kwa sindano.

Unga wa protini wa wanyanyua vyuma haurefushi mifupa. Apewe dagaa, maharage, mayai na maziwa, na alale kwa saa 9 au zaidi kila usiku.

Na jina la "Kafupi" likome nyumbani, hata kama ni utani wa babu.