Tangi Jipya la Samaki: Usitie Samaki Siku Ile Ile



Asubuhi moja mzee mmoja alifika zahanati akiwa amebeba sufuria. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akafunua sufuria yake. Ndani mlikuwa na perege wadogo 12, wote wamekufa.

"Daktari," aliniambia, "nataka uniambie ni sumu gani iliyowaua hawa."

Mzee huyu alikuwa amejenga tangi la saruji nyuma ya nyumba ili wajukuu wapate kitoweo. Alilijaza maji ya kisima, maji maangavu kabisa. Siku ile ile akatia vifaranga 60 vya perege. Akawalisha pumba asubuhi, mchana na jioni. Siku ya nne samaki walianza kufa. Naye ana jirani ambaye wamegombana kwa ajili ya mpaka wa shamba. Basi moyoni mwake aliyetia sumu alikuwa amekwisha kujulikana.

Mimi nilifundishwa kutibu watu, si samaki. Nilimwomba asiende kwa mtendaji wa kijiji kabla sijauliza. Nikapanda baiskeli hadi kwa bwana samaki. Yeye aliniuliza maswali matatu tu. Tangi ni jipya? Samaki ni wangapi? Wanalishwa mara ngapi? Nilipokwisha kumjibu alisema kwamba sumu ilikuwamo kweli, na walioitia ni samaki wenyewe.

Sumu yenyewe ni nini?

Ingia katika banda la kuku ambalo halijasafishwa siku nyingi. Utasikia harufu kali inayochoma pua na kuleta machozi. Hiyo ni amonia. Samaki naye hutoa amonia. Nyingi hutokea kwenye matamvua, yaani yale mashavu mekundu anayopumulia. Chakula kinachobaki na kuoza hutoa amonia pia. Ziwani maji ni mengi, na kuna viumbe vingi vya kuisafisha. Lakini tangini samaki anaogelea katika uchafu wake mwenyewe. Macho yako hayaoni kitu. Maji yanaweza kuwa maangavu kama kioo na bado yakaua.

Je, ni nani anayeisafisha amonia? Ni bakteria. Katika ukurasa huu tumezoea kusema kwamba bakteria huleta magonjwa, na baadhi yao huleta kweli. Lakini wapo wanaotusaidia. Aina moja hula amonia na kuigeuza kuwa nitriti. Nitriti nayo ni sumu. Huingia katika damu ya samaki, damu ikawa ya rangi ya kahawia na kushindwa kubeba hewa. Kisha huja aina ya pili, ambayo hugeuza nitriti kuwa nitrati. Nitrati haina ukali huo kwa samaki, na mimea huitumia kama mbolea.

Bakteria hawa hukaa juu ya mawe na kuta za tangi. Katika tangi jipya hawamo, au ni wachache mno. Huongezeka polepole. Kwa kawaida maji huhitaji wiki 4 hadi 6 ili yakomae, na penye baridi huhitaji muda zaidi. Mzee wetu alingoja nusu saa.

Tena kuna jambo la saruji. Saruji mpya hutoa chokaa ndani ya maji, na katika maji ya namna hiyo amonia huwa kali zaidi. Kwa hiyo kabla ya yote lijaze tangi, liache siku 3 au 4, kisha uyamwage maji yote. Fanya hivyo mara 4 au zaidi. Najua kuchota maji ni kazi, hasa kwa akina mama. Ukiweza, jenga tangi karibu na mvua za masika, paa likuchotee.

Kukomaza maji

Tangi likiisha kuoshwa, lijaze maji na uweke mawe chini. Kama maji yako ni ya bomba na yametiwa klorini, yaache wazi siku 2 kwanza, kwa sababu klorini huua samaki na hao bakteria pia. Halafu tupa konzi moja ya pumba kila baada ya siku 2. Utashangaa: chakula cha nani, na samaki hawamo? Ni chakula cha bakteria. Pumba huoza na kutoa amonia, nao huanza kuzaliana. Kila asubuhi na jioni chota maji kwa ndoo na uyamwage tena humo humo kutoka juu, ili hewa iingie. Bakteria hawa hupenda hewa.

Ukitaka kuharakisha kazi, omba mawe machache kwa mtu mwenye tangi la zamani ambalo samaki wake ni wazima. Yalete yakiwa mabichi, usiyasugue. Mzee alitaka kuyatoa bwawani, kule ng'ombe wanakonywa. Nilimkataza asiingie miguu mitupu, kwani bwawa lile lina konokono, na konokono wale ndio wanaobeba kichocho. Viini vya kichocho hutoka kwa konokono na kutoboa ngozi ya mtu. Visipompata mtu hufa kwa muda wa siku 2 hivi. Lakini konokono akihamia tangini mwako ataendelea kuvitoa, na watoto watachovya mikono humo. Basi kila jiwe litazame vizuri. Ondoa konokono, na ule utelezi wenye mayai yake.

Hapa nilikosea mimi. Nilimwambia mzee angoje wiki 6, lakini sikumwambia afunike tangi. Baada ya siku 10 nilipopita kwake niliona viluwiluwi vya mbu vikicheza majini. Mimi ninayegawa dawa za malaria kila siku, nilikuwa nimemfugisha mbu! Yai la mbu huweza kuwa mbu kamili kwa muda wa wiki 1 hadi 2. Kwa hiyo funika tangi lote kwa chandarua kikuukuu kisichotiwa dawa, ukifunge kwa kamba pande zote. Juu yake weka fito imara, mtoto mdogo asije akatumbukia. Samaki wakiisha kuingia, perege wadogo watakusaidia kula viluwiluwi.

Samaki wa kwanza

Baada ya wiki 6 usitie vifaranga 60. Tangi la mzee lina madebe 100 ya maji. Tulianza na samaki 5 tu, na baada ya wiki 2 tukaongeza 5. Bakteria huongezeka kulingana na uchafu wanaoupata. Ukiwaletea mzigo wote kwa siku moja watashindwa. Chakula kiwe mara moja kwa siku, na kiwe kile ambacho samaki watakimaliza kwa dakika 5. Kikibaki, kitoe.

Ukiwaona samaki wamekuja juu wakitweta, au matamvua yamekuwa ya kahawia, acha kulisha mara moja. Toa theluthi moja ya maji na utie mengine yasiyo na klorini. Usitoe yote. Wala usisugue kuta kwa sabuni, kwa maana ule utelezi ndimo wanamokaa wasaidizi wako. Nao samaki uliowakuta wamekufa usiwapike, hata kama mboga imekosekana siku hiyo. Hujui wamekufa tangu saa ngapi. Wafukie. Wale 12 wa kwenye sufuria tuliwafukia nyuma ya zahanati.

Maji ya tangi si ya kunywa. Ukiyatoa, mwagia bustani ya mchicha, kwa kuwa yana nitrati ndani yake. Mchicha wa mzee sasa ni mkubwa kuliko wa zahanati.

Leo mzee ana perege 20, na hajafiwa na hata mmoja tangu tulipoanza upya. Jirani yake alikuja kuwatazama. Kesi ya mpaka bado iko katika Baraza la Ardhi la Kijiji, lakini samaki hawamo katika kesi hiyo.